Rauta ya Wageni

Siku mtu wa mtandao alipokuja kutufungia waifai, alimwuliza baba swali moja la maana: "Mzee, hii rauta tuiweke wapi?" Alisimama katikati ya sebule na waya shingoni, akingoja jibu la mtu aliyefikiria. Baba hakufikiria. Alinyoosha kidole juu ya kabati la vikombe, pale kati ya kalenda ya kanisa na picha ya dada yangu akiwa amevaa joho la chuo kikuu, akasema, "Hapo. Mgeni akiingia aone."

Ndivyo rauta yetu ilivyoanza kazi: kama pambo. Ina taa nne za kijani na antena mbili zilizosimama kama masikio ya punda aliyeitwa jina. Kabla ya jioni mama alikuwa ameshaitandikia kitambaa cha kufuma, cheupe chenye ua la waridi pembeni, ndugu wa vile vilivyo juu ya viti, redio na televisheni. Kwetu kitu kisicho na kitambaa ni kama hakijabatizwa.

Na wageni waliiona kweli. Walikuja, wakakaa, wakazitazama taa, wakaambiwa na baba "hiyo ndiyo waifai," wakatikisa kichwa kwa heshima, wakanywa chai, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyeitumia. Mtu aliyeihitaji alikuwa dada yangu, na dada na kompyuta yake walikuwa wamefichwa chumba cha mwisho, kile ninacholala naye. Sebule ni ya wageni. Kompyuta ya mezani, yenye nyaya zinazomwagika nyuma kama matumbo ya ng'ombe, haiwezi kukaa mahali ambapo wazee wa kanisa wanakunywa chai, na baba mwenyewe ni mzee wa kanisa, kwa hivyo sheria hiyo haikuwa na rufaa.

Nyumba yetu imejengwa kwa mstari. Mbele sebule, katikati stoo, nyuma chumba chetu, na korido nyembamba inayopita kando ya vyote. Stoo ni ya mama. Mama hununua ndizi kwa majirani, mikungu mizima, anairundika humo mpaka lori lije kuichukua Jumanne na Ijumaa. Mkungu ukiingia stoo ya mama umeingia serikalini: hautoki bila ruhusa.

Dada ana digrii. Digrii iko ukutani, kazi iko kwenye intaneti. Husikiliza watu wa ng'ambo wakiongea kwenye mikutano yao na kuandika kila neno wanalosema, hadi wanapokohoa. Hajawahi kuuona uso wa mtu yeyote wa kampuni hiyo, lakini sheria zao anazijua kama amri kumi. Sauti inasikilizwa kwenye ukurasa wao tu, huwezi kuipakua. Kila kazi ina saa yake ya mwisho. Ukichelewa mara tatu akaunti inafungwa, na haifunguliwi tena hata ukilia damu. Kufikia likizo ya Agosti, nilipotoka shule ya bweni nikiwa kidato cha tatu na njaa ya vita vya ulimwengu, dada alikuwa ameshachelewa mara mbili. Zote mbili kwa sababu mtandao ulimfia mikononi.

Usiniulize kwa nini hakutumia bando la simu. Sisi tuko bondeni, mwendo kidogo kutoka Marani. Simu hushika mtandao ukipanda hadi kituo cha kupimia majani chai, na kompyuta ya mezani haipandi mlima.

Kama akaunti ingefungwa, mpango ulikuwa tayari. Shangazi yetu ana duka la sare za shule kule Nyamache, na kwa muda mrefu amekuwa akitafuta msichana mtulivu wa kukaa dukani, kulala kwake na kusikiliza ushauri. Hasa kusikiliza ushauri. Baba aliliona ni wazo zuri sana. "Angalau huko ataonekana akifanya kazi," alisema, kwani machoni pake mtu aliyekaa mbele ya skrini siku nzima na vitu masikioni anapumzika. Dada hakubishana naye. Tulipokuwa peke yetu chumbani aliniambia, "Nikienda kule sitarudi." Nilimwamini. Namjua shangazi, hata sare za shule zikikaa kwake sana huanza kuonekana zimetubu.

Basi ikawa lazima ugonjwa wa mtandao utafutiwe dawa, na kila mtu kwetu akageuka daktari.

Wa kwanza alikuwa baba, na ugonjwa alioupata ni mimi. "Ni huyu," alisema wakati wa chakula, akinielekezea kijiko. "Tangu afunge shule anamaliza mtandao na video zake." Kana kwamba mtandao ni sukari na mimi nimekaa na mkebe wake mapajani. Simu yangu ikafungiwa ndani ya kabati la vikombe, chini kidogo tu ya rauta, mahali penye mtandao mzuri kuliko popote nyumbani. Kwa wiki nzima nilisoma vitabu vya shule, jambo ambalo nisingependa lijulikane. Mtandao ukaendelea kufa vilevile. Siku ya saba baba alilifungua kabati, akaniwekea simu mezani na kusema, "Chukua hii kitu yako." Hiyo ndiyo pole niliyopewa.

Daktari wa pili alikuwa binamu yetu anayesomea kompyuta mjini Kisii. Yuko mwaka wa tatu, na amesoma mpaka sauti yake imebadilika. Siku hizi ukimwuliza jambo dogo anavuta pumzi kwanza. Aliingia chumbani kwetu bila kuvua kofia, akaketi kwenye kiti cha dada, akafungua madirisha kumi kwa haraka, akayafunga.

"Hii ni madraiva," alisema.

"Madraiva gani?" nikauliza.

"Huwezi kuelewa."

"Niambie polepole, nitajikaza."

"Na kuna virusi."

"Virusi wamekuja na madraiva wao, ama?"

Alimgeukia dada. "Mwambie mtoto wako huyu akacheze nje."

Aling'oa CPU, akapanda nayo pikipiki ameikumbatia kama mgonjwa anayepelekwa rufaa, akaenda nayo mjini. Aliirudisha Ijumaa alasiri. Alikuwa ameifuta yote. Orodha ya maneno magumu ambayo dada aliikusanya kwa miezi, barua zake, picha za mahafali, vyote vilikuwa vimekwenda. "Sasa ni mpya," binamu alisema, akijisikia. "Kwangu mjini inaruka." Akaiunganisha, akachomeka nyuma yake kile kidude kidogo kama flashi kinachoshika waifai, na kweli, mtandao ukaruka. Video ilifunguka kabla sijamaliza kubonyeza. Mama alimchinjia kuku. Alikula mapaja yote mawili na kutueleza kwamba sisi watu wa mashambani hatujui kutunza mashine.

Jumapili alasiri mtandao ukaanza kuchechemea. Jumatatu ukafa. Nikapanda hadi kituo cha chai nikampigia.

"Kwangu ilikuwa inafanya vizuri," alisema.

"Basi tuihamishie kwako, na dada, na kitanda."

Akakata simu.

Sentensi hiyo, "kwangu ilikuwa inafanya vizuri," inafaa kuandikwa kwenye vyeti vyao siku ya kuhitimu. Ndiyo wanayoisomea miaka minne.

Baba akaita kampuni iliyotufungia mtandao. Wakatuma fundi Jumanne, kijana wa pande za ziwa anayekaa mjini, mpole, viatu safi kuliko barabara yetu. Hakuwa anasikia Kigusii, kwa hivyo nyumba nzima ikahamia Kiswahili. Kwetu Kiswahili hutolewa kama vikombe vizuri, mgeni akija. Alifika alasiri, ndizi zilikuwa zimeshapakiwa, mama alikuwa anafagia stoo. Aliketi kwa kompyuta, akafungua dirisha jeusi, akaandika neno ping na namba fulani. Mistari ikaanza kushuka, mmoja kila sekunde, yote ikisema jambo lilelile.

"Mzee, mtandao uko sawa," alisema.

"Jana ilikuwa imekufa," baba akasema.

"Leo uko sawa."

"Lakini jana ilikuwa imekufa kabisa. Uliza hawa."

"Mzee, mimi siwezi kutengeneza jana."

Alituambia tuizime rauta na kuiwasha kila ikisumbua, ushauri ambao hata kuku wetu angeutoa kama angeulizwa. Akamshauri dada asifungue kurasa nyingi kwa wakati mmoja. Akaandika kwenye fomu yake kwamba mteja hana tatizo, baba akatia sahihi, kwa sababu baba akipewa kalamu na mtu mwenye kitambulisho shingoni hutia sahihi. Kisha akaenda. Jumatano, kabla usiku haujaingia, mtandao ukawa umelegea, Alhamisi ukalala.

Lakini nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilikuwa nimeona alichoandika. Lile dirisha jeusi ni rahisi sana kulielewa, ndiyo maana hawakutuonyesha. Kompyuta inabisha mlango wa rauta kila sekunde. Rauta ikiitika, kompyuta inaandika iliitika baada ya muda gani. Isipoitika, inaandika kwamba imebisha na hakuna mtu. Hodi, hodi, hodi, mchana kutwa.

Kabla sijaendelea lazima nikiri jambo. Mtandao wetu ulikuwa mzima kutwa nzima siku moja tu katika wiki, na siku hiyo ilikuwa Sabato. Kuanzia jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi kwetu hakuna kugusa kompyuta. Rauta yenyewe haizimwi, maana wageni wa Sabato nao lazima waone taa. Jumamosi moja watu wakiwa wamelala baada ya chakula cha mchana nilichungulia, kwa ajili ya uchunguzi tu, na nikaukuta mtandao umejaa hadi juu. Nilimwambia baba. Kwanza nilikaripiwa kwa kuchungulia. Kisha akasema ni jaribu: shetani anausafisha mtandao Sabato ili vijana waanguke.

"Au ni Mungu anapumzisha mtambo," mama alisema kutoka jikoni.

Walijadiliana hilo kwa uzito, watu wawili wazima, na mimi nikakaa hapo nikiwacheka moyoni. Nilipaswa kujicheka mwenyewe, kwa sababu jibu lilikuwa limelala chumba cha pili nami nilikuwa nalipita mara kumi kwa siku.

Nililiona Ijumaa iliyofuata, na sikuliona kwa akili. Asubuhi niliacha dirisha jeusi likibisha hodi huku dada akijaribu kumalizia kazi ndogo. Mistari ilikuwa inasema hakuna mtu, hakuna mtu, hakuna mtu. Lori likapiga honi, mama akaniita nikabebe mikungu. Nilibeba. Mkungu mmoja wa ndizi za kupika unaweza kukufanya ujutie kuzaliwa na mabega. Nilipokuwa narudi kwa wa kumi hivi, nikamsikia dada kupitia ukutani.

"Umerudi kidogo."

"Nani?"

"Mtandao."

Nikabeba mingine, mtu wa lori naye akabeba, stoo ikaanza kuonyesha sakafu.

"Umerudi wote," dada alisema.

Nilikwenda kutazama dirisha jeusi nikiwa na utomvu wa ndizi hadi kwenye viwiko. Nikapandisha mistari juu kwa kipanya. Mwanzoni hakuna aliyeitika. Halafu moja inaitika, tatu zinapotea. Halafu nusu kwa nusu. Mwisho zote zimenyooka, zinaitika papo hapo. Tuliitazama pamoja na dada. Kisha wote wawili tukageuka tukautazama ukuta wa stoo.

Jumapili nilifanya jambo lile kwa makini. Majirani walianza kuleta ndizi, nami nikaketi kwenye gunia mlangoni mwa stoo nikihesabu mikungu inavyoingia, dada akinisomea hali ya mtandao kutoka chumbani. Mikungu ishirini: unachechemea. Rundo lilipofika kifuani kwangu: nusu hodi hazijibiwi. Lilipokaribia dari: karibu kimya. Asubuhi ya siku hiyo, mtandao ukiwa bado hai, nilikuwa nimesoma kwamba mawimbi ya waifai humezwa na maji, na mkungu wa ndizi ni nini kama si maji yaliyovaa maganda? Mama alikuwa amejenga bwawa katikati ya nyumba, limesimama wima kutoka sakafuni hadi darini, na sisi tulikuwa tumefuta kompyuta.

Nilimfuata baba sebuleni.

"Tata, ni ndizi."

"Ndizi zimefanya nini?"

"Zinakula mtandao."

"Zinakula na nini?"

Nilimweleza habari ya maji na mawimbi. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu yeye ni mtu wa haki, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Nilipompigia binamu, alisema ndizi si chuma. Nikamwambia hata yeye si chuma lakini amesimama katikati ya kazi ya watu. Akakata tena.

Mama hakucheka. Mama alikasirika, ambayo ilikuwa heshima zaidi, maana alikuwa ameniamini. "Hizi ndizi zilikuwa hapa kabla ya hicho kidude chenu," alisema. Akanieleza, akiinua vidole, kwamba nje zitachubuka na lori litazikataa, varandani zitaonekana na kila mpita njia, na jikoni moshi utaziivisha kabla ya siku yake. Tukamwomba baba rauta ishushwe, iletwe korido. Akasema rauta iko mahali pake. Tukamwomba kompyuta ihamie sebuleni. Akasema sebule si ofisi. Kwa hivyo ndani ya siku moja ugonjwa ulikuwa umejulikana, dawa tatu zilikuwa zimejulikana, na hakuna mtu aliyekuwa tayari kusogeza kitu chake hata hatua moja kwa ajili ya mtu ambaye alikuwa karibu kupelekwa Nyamache.

Nilidhani hilo ni jambo la kuchekesha mpaka Jumatatu.

Dada alikuwa na kazi kubwa ya kumaliza Jumatatu hiyo saa kumi na mbili jioni. Alikuwa ameifanya Jumamosi baada ya jua kutua na Jumapili asubuhi, akaisukuma kidogo kidogo Jumatatu mtandao ukichechemea, mpaka zikabaki dakika kumi na moja za sauti. Saa kumi na robo mtandao ukakata roho. Nilifungua dirisha jeusi. Hakuna mtu, hakuna mtu. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati kama inayadai kitu. Sebuleni kulikuwa na kamati ya ujenzi wa kanisa, wazee watano na baba wa sita, na chai ya kwanza ilikuwa imeshamiminwa.

Dada alikwenda mlangoni mwa stoo. Mama alikuwa ndani anafunika rundo kwa majani ya migomba.

"Mama, nisaidie tutoe hizi za katikati. Saa moja tu."

"Nje kuna mvua, sebuleni kuna kamati. Utazipeleka wapi, mbinguni?"

Sijawahi kumwona dada akiwa ametulia namna ile. Alirudi chumbani, akasukuma kiti nyuma, akaanza kuchomoa nyaya moja moja.

"Shika skrini," aliniambia.

"Tunaenda wapi?"

"Shika skrini."

Mimi ndiye mtu wa mizaha nyumbani kwetu, na nilikuwa na maneno matano mazuri ya kusema wakati ule, lakini nilishika skrini. Yeye alibeba CPU, kibodi kifuani, kipanya kikining'inia kwa mkia wake kama panya kweli. Katika korido waya wa vifaa vyake vya masikioni ulinasa kwenye kitasa cha stoo. Ukakatika. Hakusimama.

Tuliingia sebuleni. Wazee walinyamaza vikombe vikiwa midomoni. Dada aliwasalimu mmoja mmoja kwa heshima zote, akiwa amekumbatia CPU, kisha akaiweka sakafuni chini ya kabati la vikombe, akachomoa waya wa televisheni ukutani na kuchomeka wa kompyuta. Skrini niliiweka kwenye meza ndogo, kati ya chupa ya chai na sahani ya maandazi, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Akapiga magoti kwenye zulia.

"Rudisha hiyo kitu nyuma," baba alisema. Alisema kwa sauti ya chini, sauti ile ya mbele ya watu.

"Tata, nikiondoka hapa kabla ya saa kumi na mbili sina kazi tena."

Alilisema kwa Kigusii, polepole, na kila mzee chumbani alilisikia. Nikamwona baba akitafuta la kujibu. Angekuwa peke yake angelipata upesi. Lakini mtu hagombani na binti yake mbele ya kamati, si katika sebule yenye vitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, ile sebule ya wageni ilimfaa mtu wa nyumbani. Baba alikitazama kikombe chake.

Mtandao ulijaa hadi juu. Ulikuwa na hatua mbili za kusafiri. Dada akafungua ukurasa, akabonyeza, na kwa kuwa vifaa vya masikioni vilikuwa vimekufa, sauti za watu wa ng'ambo zikamwagika sebuleni kupitia spika za skrini. Walikuwa wanabishana. Dada akaanza kuandika.

Wazee walisikiliza dakika nzima kama watu wanaosomewa barua ya serikali.

"Wanasema nini?" mzee aliyekaa karibu na mlango aliniuliza.

"Wanabishana juu ya chakula cha paka, mzee," nikajibu. Niliyasoma maneno kwenye skrini.

"Paka wa nani?"

"Wa huko kwao. Chakula kinatengenezwa kiwandani. Paka wamekataa cha samaki."

"Paka amekataa samaki?"

"Ndivyo wanavyosema."

Aligeuka kumtazama jirani yake, na jirani yake akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Na wamekaa mkutano kwa ajili hiyo?"

"Huu ni wa pili. Wa kwanza hawakuelewana."

"Hata sisi mabati hatujaelewana," mzee mwingine alinung'unika, "na hayo hayana mdomo wa kukataa."

"Nyamazeni basi," mwenyekiti wa kamati alisema, mzee mrefu ambaye hata mchungaji humsikiliza. "Mtoto anaandika."

Wakanyamaza. Niseme ukweli, katika miaka yangu yote sijawahi kuona wazee sita wakikaa kimya kwa ajili ya msichana aliyepiga magoti. Dada alirudisha sauti nyuma mara kadhaa mahali ambapo watu wawili walikuwa wanaongea kwa pamoja. Kila aliporudisha, mzee wa karibu na mlango aliinama mbele, kana kwamba safari hii paka angekubali. Mama alikuja na chai ya pili, akasimama mlangoni na birika mkononi, hakumimina.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na nne dada aliandika neno la mwisho. Akaisoma kazi yote kwa kuiteremsha haraka, akarekebisha hapa na pale. Mimi nilikuwa naiangalia saa ya ukutani. Kasoro nane akabonyeza kutuma. Mstari mwembamba ukaanza kujaa kutoka kushoto. Ulifika nusu. Ukasimama. Ukasimama kwa muda ambao ningeweza kusoma kidato cha nne chote. Mama akasema kitu kwa Mungu, kwa sauti ndogo. Ukaendelea. Ukajaa. Ukatokea mstari wa kijani ukisema kazi imepokelewa kabla ya wakati, na chini yake jina la akaunti ya dada, na kando ya jina neno moja linalosema iko hai.

Hakuna aliyepiga makofi. Dada aliinamisha kichwa kidogo, akavuta hewa puani, akakaa vizuri kwenye zulia. Baba alikunywa chai yake yote kwa mkupuo, ingawa lazima ilikuwa imeshapoa.

"Wamekubaliana?" mzee wa mlangoni aliuliza.

"Wamepanga kukutana tena, mzee," dada alimwambia.

Na kampuni, kama nilitarajia hata asante, basi nilikuwa mjinga kuliko binamu. Kwenye skrini kikafunguka kisanduku kingine: kazi mpya, dakika arobaini na mbili, ikihitajika kesho jioni. Kesho Jumanne. Lori lingekuja mchana, kama barabara ingepitika baada ya mvua ile. Dada aliipima kwa macho, akamtazama baba, mara moja tu, bila kumwomba. Baba aliitazama kalenda ya kanisa kana kwamba amepoteza tarehe fulani humo. Hakusema ndiyo. Hakusema irudishwe nyuma pia. Dada akabonyeza kukubali, akaianza hapo hapo.

"Tufunge kwa maombi," mwenyekiti alisema, akisimama, "na wewe binti, punguza sauti kidogo."

Aliipunguza. Hakuizima. Wazee wakainamisha vichwa, mwenyekiti akaomba juu ya mabati, na misumari, na umoja, na chini ya sauti yake mwanamke fulani wa mbali alikuwa akieleza watu jambo kuhusu viti vya ofisi. Dada aliandika macho yakiwa wazi. Najua kwa sababu na mimi yangu yalikuwa wazi.